Tawi Lililoyameza Maji Yake: Hotuba Kuhusu Mfereji wa Wendover

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wenzetu wanaozungumza Kiswahili na kuishi kusini mwa Uingereza, kabla ya matembezi ya pamoja kandokando ya mfereji. Yameandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama na kina baba, vijana, na nyinyi watoto mlioamshwa mapema siku ya mapumziko, nawasalimu nyote. Ahsanteni kwa kutoka Luton, Milton Keynes, Reading na London kuja huku vilima vya Chiltern.

Mwenyekiti aliniomba niwaeleze kidogo kuhusu mahali tutakapopita mchana huu, ili tusitembee tu na kupiga picha za bata. Nami nimefurahi kupewa nafasi, kwa sababu kazi yangu maisha yote imekuwa maji. Nyumbani nilikuwa fundi wa mabomba kabla sijawa fundi huku, na kule kwetu kila ofisi ya maji ina msemo mmoja unaowakosesha watu usingizi: upotevu wa maji. Maji yameshatolewa kwenye chanzo na gharama imeshalipwa, lakini hayafiki. Mfereji tutakaouona leo ulikufa kwa ugonjwa huo.

Jina lake ni tawi la Wendover. Lina urefu wa karibu kilomita 11. Linaanzia kwenye chemchemi za mji mdogo wa Wendover, katika jimbo la Buckinghamshire, linazunguka vilima kupitia Halton, Aston Clinton na Drayton Beauchamp, linaingia Hertfordshire na kuungana na mfereji mkubwa mahali paitwapo Bulbourne, karibu na Tring. Lilifungwa mwaka 1904. Sehemu ya katikati imekauka mpaka miti imeota ndani yake.

Ili tulielewe tawi, lazima tuanze na mama yake. Mwaka 1793 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuchimba mfereji mpya wa mashua, Grand Junction, kutoka Braunston katikati ya nchi hadi Brentford, magharibi mwa London, kwenye mto Thames. Kabla ya hapo mzigo kutoka Birmingham ulipitia Oxford kisha ukateremka Thames, mto ambao siku za mafuriko haukupitika na siku za kiangazi mashua zilikwama mchangani. Njia mpya ilipunguza safari kwa karibu kilomita 100. Mhandisi mkuu alikuwa William Jessop, na aliyesimamia kazi siku kwa siku ni James Barnes. Njia nzima ilikamilika mwaka 1805, mahandaki ya chini ya ardhi yakiwemo. Tangu 1929 mfereji huo unaitwa Grand Union, na ndio mnaouona ukipita Milton Keynes na Hemel Hempstead.

Sasa, kati ya London na Birmingham kuna vilima hivi vya Chiltern, na mashua haipandi mlima. Wakajenga vyumba vya matofali vyenye malango mazito ya mbao mbele na nyuma. Mashua inaingia chini, lango linafungwa nyuma yake, maji ya juu yanaachiwa yaingie, mashua inainuka polepole mpaka inalingana na ngazi inayofuata. Pale Marsworth mtaona vyumba saba vikifuatana kupanda. Juu kabisa, karibu na Tring, mfereji unakwenda sawa kwa kilomita tano hivi, kisha unaanza kushuka kuelekea London kwenye malango ya Cowroast. Kile kipande cha juu ndicho kichwa cha mfereji wote. Ili kukipata walichimba kwa mikono mtaro mkubwa, wenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na kina kinachofika mita tisa mahali pengine.

Na hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Mashua inayopanda inachota chumba kizima cha maji kutoka juu, na inaposhuka upande wa pili inachota kingine. Chumba kimoja kinabeba zaidi ya lita 200,000. Kwa hiyo mashua moja ikivuka kichwa cha mfereji imeondoa zaidi ya lita 400,000 pale juu, na hakuna mto unaopita pale kuzirudisha. Mito haiishi kileleni, na mvua peke yake haitoshi. Zikapita mashua nyingi kwa siku moja, kichwa kinakauka, na kichwa kikikauka London na Birmingham zimetengana.

Jessop na wenzake wakatafuta maji yaliyo juu ya pale au sawa napo. Wakayapata Wendover. Chini ya vilima vya chaki pale kuna chemchemi safi ajabu, zinazotoka mwaka mzima, na zinatoka kwenye kimo ambacho ukiuchimba mtaro kwa uangalifu, ukifuata kiuno cha mlima bila kupanda wala kushuka, maji yatakwenda yenyewe mpaka Bulbourne. Hakuna pampu, hakuna lango hata moja njiani. Huo ni uhandisi wa kuvulia kofia. Kwanza walikusudia mtaro wa maji tu, baadaye wakaona kwamba wakiupanua kidogo mashua nazo zitapita. Ukafunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1790, ukawa mlishaji wa mfereji mkuu na papo hapo barabara ya Wendover kwenda duniani. Makaa ya mawe yakaja, mazao yakatoka.

Kuna watu walioumia, na si haki kuwapita kimya. Kijito cha Wendover kilikuwa kikizungusha vinu vya kusagia nafaka kuelekea Aylesbury. Ukiyageuza maji, kinu kinasimama, na familia iliyokuwa ikila kwa kinu hicho inasimama pia. Kampuni ikalazimika kujenga bwawa pale Weston Turville kuwafidia wenye vinu kwa maji mengine. Bwawa hilo bado lipo, limezungukwa na matete, ndege wamelifanya makao. Mradi wa maji ambao hauna mtu wa chini anayelalamika sijawahi kuuona, wala hapa wala Kilimanjaro.

Haya. Maji ya Wendover hayakutosha, mashua zilizidi kuongezeka. Wakachimba mabwawa chini ya Tring: Wilstone mwaka 1802, Marsworth mwaka 1806, Tringford mwaka 1816, Startops End mwaka 1817. Mabwawa haya yako chini kuliko kichwa cha mfereji, kwa hiyo maji yake lazima yasukumwe juu kwa mashine. Pale Tringford wakajenga nyumba ya pampu, wakati huo za mvuke. Nyumba hiyo inafanya kazi mpaka leo, ila sasa ni kwa umeme. Naomba mlishike jambo hili la kimo: Wendover juu, mabwawa chini. Nitalirudia.

Nije kwenye ugonjwa wenyewe.

Mwamba wa vilima hivi ni chaki, ile ile nyeupe ya ubaoni. Chaki inanyonya. Mvua ikinyesha juu ya Chiltern, haitiririki sana juu ya ardhi, inazama ndani ya mwamba, inakaa humo miezi, kisha inatokea chini kama chemchemi, baridi na safi kiasi cha kuona kokoto. Ndiyo maana Wendover kuna maji. Lakini mwamba huohuo unaotoa maji unayameza pia. Mtaro uliopita kiunoni mwa mlima, sehemu kubwa umepita juu ya chaki na changarawe. Ukimwaga maji juu ya chaki tupu yanaondoka.

Dawa ya zama zile ilikuwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa. Nataka vijana waone kazi hii ilivyokuwa. Udongo unaletwa kwa mikokoteni, unamwagwa ndani ya mtaro, unakatwakatwa kwa sepetu, unamwagiwa maji kidogo kidogo, na wanaume wanaukanyaga kwa mabuti siku nzima, wakati mwingine wanaswaga ng'ombe juu yake wauponde kwa kwato. Unakandwa mpaka unashikana kama ugali uliosongwa vizuri, hewa yote imetoka, hauna ufa wala punje. Halafu tabaka jingine juu yake, na jingine, mpaka unene unakaribia mita moja. Udongo uliokandwa hivyo hauvuji. Nimeushika kwa mikono yangu, kipande kilichochimbuliwa baada ya miaka mia mbili, na ukikibonyeza kinaacha alama ya kidole kama kilitengenezwa jana.

Kwa sharti moja: usikauke. Ukikauka unapasuka, na ukipasuka haurudi. Sasa fikirini hali ya fundi wa wakati ule. Mfereji unavuja. Ili kuziba lazima uyatoe maji. Ukiyatoa, jua linapiga kitako cha mfereji, udongo uliokuwa mzima nao unapasuka. Unaziba pale, unafungua mianya mingine kumi mbele. Kwetu tuna methali ya ufa na ukuta, na watu wa huku wanazo za kwao, lakini tawi la Wendover halikukosa watu wa kuziba ufa. Walikuwa wakiziba kizazi baada ya kizazi. Katikati ya karne ya 19 walijaribu hata kupaka lami ndani ya mfereji. Haikusaidia kwa muda mrefu.

Mwisho wake ndio ulionishika mimi nilipousikia mara ya kwanza. Mlishaji aliyejengwa apeleke maji kwenye kichwa cha mfereji alifika mahali akawa anayachukua. Kwa kuwa tawi na mfereji mkuu viko kwenye kimo kimoja, maji yalirudi nyuma kutoka Bulbourne na kuingia kwenye tawi, kwenda kupotelea kwenye chaki. Kampuni ikajenga lango la kuzuia pale Tringford, kuutenganisha upande usiovuja na ule unaovuja, na mwaka 1904 tawi likafungwa kwa mashua. Reli ilikuwa imeshafika Wendover tangu mwaka 1892, kwa hiyo wafanyabiashara hawakulia sana. Kipande cha kati kikaachwa kikauke. Baadaye sehemu za karibu na Little Tring ziligeuzwa jaa, watu wakatupa majivu, chupa na vyombo vilivyovunjika mahali ambapo mashua zilielea.

Halikufa lote, na hili ndilo linalofanya habari yake isiwe ya makumbusho. Kipande kutoka Tringford hadi Bulbourne hakikufungwa kamwe. Pampu za Tringford zinayainua maji ya mabwawa na kuyamwaga ndani ya tawi, nayo yanatembea mpaka kichwa cha mfereji kama Jessop alivyotaka. Kando yake pale New Mill kuna kinu cha unga kinachosaga hadi leo, na jirani yake palikuwa na karakana ya kuunda mashua ya ndugu wa Bushell, iliyofanya kazi mpaka karne ya 20 ilipofika nusu. Na chemchemi za Wendover hazijui kwamba mfereji ulifungwa. Zinatoka vilevile. Maji yake yanashuka taratibu kupitia Halton na Aston Clinton, safi mpaka unaona majani yakilala chini, yanafika Drayton Beauchamp, na hapo yanaingia kwenye bomba.

Bomba hilo linayapeleka wapi? Kwenye bwawa la Wilstone. Chini.

Nilisema mshike jambo la kimo. Maji haya yalitoka ardhini yakiwa kwenye kimo kinachotakiwa. Yangeweza kutembea mpaka kichwa cha mfereji bila senti moja ya nishati. Badala yake yanateremshwa bwawani, kisha pampu zinayapandisha tena mahali yangefika yenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja! Kila mwezi mtu analipia umeme wa kufidia kilomita chache za udongo uliopasuka. Mimi kama fundi siwezi kupita pale bila kusikia uchungu, na sioni aibu kuusema mbele yenu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kulifufua tawi la Wendover ni mapenzi ya wazee wanaopenda mashua za zamani, namwambia aende na kipimo cha kimo akasimame Drayton. Wazee wanaopenda mashua wapo, na wana haki ya kuzipenda. Lakini kazi yenyewe ni ya kurudisha maji kwenye njia yake.

Mwaka 1989 watu wa hapa waliunda chama cha Wendover Arm Trust. Si kampuni, wala si idara ya serikali. Wengi wao ni wastaafu: walimu, mafundi umeme, madereva, watu waliokuwa jeshini kwenye kambi ya anga ya Halton. Karibu kila mwezi wanakutana siku kadhaa kwenye kitako cha mfereji uliokauka. Sehemu ya kwanza, kutoka Tringford hadi Little Tring, waliimaliza mwaka 2005, pamoja na daraja jipya, kwa kuwa la zamani lilikuwa limebomolewa na barabara kupita juu ya tuta. Leo mashua zinafika Little Tring, zinageuza, zinarudi. Ng'ambo ya pale ndipo kazi inapoendelea.

Dawa ya leo ni ile ile ya jana kwa umbo jingine. Kuna udongo uitwao bentonaiti ambao ukilowa unavimba na kuziba kila nafasi. Kiwandani unawekwa kati ya vitambaa viwili vigumu, unakuwa mkeka mzito unaokunjwa kama zulia. Kwanza wanasafisha mtaro, wanang'oa mizizi yote, wanachonga kingo kwa mteremko unaotakiwa, wanaokota kila jiwe lenye ncha, maana jiwe moja litautoboa mkeka. Kisha mkeka unakunjuliwa kutoka ukingo hadi ukingo kwa mashine. Ukanda wa pili unapanda juu ya ukingo wa kwanza, na pale vinapokutana wananyunyiza unga wa bentonaiti kwa mkono. Nimemwona mama mmoja, nywele zote nyeupe, amepiga magoti kwenye matope ya mwezi wa pili, anausambaza unga ule kwa kiganja kwa utulivu kabisa, hataki punje ikae mahali pasipo pake. Baada ya hapo mkeka unafunikwa: udongo chini, matofali ya saruji pembeni, ili nanga au mti wa kusukumia mashua usiuchane. Siku nzima ya kazi ngumu inatoa mita chache.

Mita chache kwa siku, na watu hawa wanazeeka. Wengine walioanza hawapo tena. Hilo ndilo limenileta mbele yenu, si bata.

Kuna swali ambalo baadhi yenu mmeshaniuliza, nalo ni zuri: mfereji uliokauka umekuwa msitu mdogo, wanyama wameingia, kwa nini tuwafukuze? Si jambo la kupuuza. Nchi hii imewahi kuharibu mazingira kwa jina la ukarabati. Lakini angalieni yale mabwawa ya Tring. Yalichimbwa kwa ajili ya biashara tu, na leo ni miongoni mwa mahali mashuhuri pa ndege Uingereza nzima. Mwaka 1938 ndege mmoja mdogo wa ufukweni, ambaye hakuwa amewahi kuonekana akitaga Uingereza, alitaga pale. Na mwaka 1912 kijana mmoja aliketi pale akiwatazama ndege wa majini wakichumbiana, akaandika alichokiona, na maandishi hayo yakawa moja ya misingi ya elimu ya tabia za wanyama. Jina lake Julian Huxley. Baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO, na mwaka 1960 alisafiri Afrika Mashariki na ya Kati kuchunguza hali ya wanyamapori wetu. Macho yaliyotazama Serengeti yalijifunza kutazama hapa. Maji yaliyotunzwa huvuta viumbe, na maji ya chaki, safi namna hii, ni machache duniani. Ninachoomba ni kwamba miti isikatwe wakati ndege wako kwenye viota na kwamba mashua zisiwe nyingi kupita kiasi upande wa Halton. Hayo yanawezekana, na ni haki yetu kuyadai tukiwa ndani ya kazi.

Wengine wamesema: huu ni mfereji wao, sisi ni wageni, tutafute ya kwetu. Ndugu zangu, watoto wetu wanazaliwa hospitali za hapa. Maji wanayokunywa yanatoka kwenye chaki hii hii. Nani anayechota kisimani kila siku halafu kisima kikibomoka anasema ni cha jirani? Tena tunao watu humu wenye ujuzi unaohitajika kule. Namwona mzee wetu aliyejenga kuta za mawe Tanga. Nawaona vijana wawili wanaoendesha mashine za kuchimba kwa mshahara. Nawaona kina mama waliowahi kupika kwa watu mia tatu harusini, na kikosi cha kazi kwenye baridi kinahitaji chai na chakula cha moto kuliko hotuba yangu.

Basi mpango ni huu. Tukimaliza kula tunaanzia Bulbourne, pale penye majengo ya karakana iliyotengeneza malango ya mfereji kwa zaidi ya miaka mia. Tutapita New Mill, Tringford kwenye pampu, hadi Little Tring maji yanapokoma. Wenye nguvu tutaendelea na njia ya pembeni mpaka Drayton, tuone bomba. Njia ina matope, vaeni gambuti, na watoto washikwe mikono karibu na maji. Pale mlangoni dada zetu wana karatasi ya kuandika majina ya wanaotaka kushiriki kazi ya mwezi ujao, na aandike pia kama anajua kujenga, kuendesha mashine au kupika. Asiyejua chochote aandike vilevile. Kuokota mawe hakuhitaji cheti.

Mwenyekiti, nimemaliza yangu. Nadhani kuna mkono umeinuka nyuma kule tangu nilipotaja lami. Karibu kijana, uliza.